Koo lile lile, miaka 20 baadaye: kumpata mwigizaji wa kike katuni inapofufuliwa

Katuni ikifufuliwa, mchoraji ana pa kuanzia. Michoro ya zamani imehifadhiwa, rangi zina namba, na vipimo vya macho na nywele vya kila mhusika vimeandikwa. Sauti haina kabati la namna hiyo. Inakaa kwenye koo la mtu mmoja, na mtu huyo ameongeza miaka 20 au 30 tangu alipoitoa mara ya mwisho. Ndiyo maana kumpata wa kumsemea mhusika wa kike wa zamani huchukua muda mrefu kuliko watayarishaji wanavyopanga. Wengi huteleza pale pale: wanatafuta mwigaji badala ya mwigizaji. Wanasikiliza wembamba wa sauti, kumbe mtazamaji alichokihifadhi kichwani ni mwendo wa usemi.

Kabla ya kutangaza usaili wowote, mtafute mwigizaji wa awali kupitia wakala wake, hata kama moyoni umeshaamua kwamba unataka sauti mpya. Akiipata habari mtandaoni kabla hujampigia, umeshachelewa. Mashabiki watamuuliza yeye kwanza, na jibu lake ndilo litakalosambaa. The Powerpuff Girls iliporudi mwaka 2016, nafasi za Cathy Cavadini, Tara Strong na E.G. Daily zilichukuliwa na Amanda Leighton, Kristen Li na Natalie Palamides, na Strong hakuficha masikitiko yake. Mwaka 2021 ikarudi Rugrats, na E.G. Daily huyo huyo akamsemea tena Tommy, mtoto mchanga aliyemwanza mwaka 1991. Kwa hiyo usidhani kwamba kila anayeachwa sauti yake imechakaa. Mara nyingi anayeamua hajamsikiliza hata kidogo. Ameamua tu kwamba anataka kitu kipya. Hiyo ni haki yake, ila aseme hivyo waziwazi, asisingizie koo la mtu.

Halafu kuna suala la malipo. Futurama ilipokuwa inarudi mwaka 2009, studio ilitangaza usaili wa kutafuta sauti mpya huku mazungumzo na waigizaji wa awali, akiwemo Katey Sagal anayemsemea Leela, yakiwa yamekwama. Mwisho wa Julai mwaka ule ule wakakubaliana na wote wakarudi. Sijui kama kuna njia mbaya zaidi ya kuanza upya na timu yako. Usaili unaotumika kama fimbo ya kushushia bei huwapotezea muda waliojitokeza, na mawakala wana kumbukumbu ndefu. Safari ijayo watakutumia watu wao wa daraja la tatu.

Tuseme mwenye sauti yake amekubali. Sauti ya mwanamke hushuka kadiri umri unavyosonga, hasa baada ya kukoma hedhi, kwa sababu nyuzi za sauti hunenepa. Cha kwanza kupotea huwa noti za juu zilizo safi, kisha urefu wa pumzi, kisha uwezo wa kurudi sawa baada ya kupiga yowe. Lakini kushuka si kufa. Kotono Mitsuishi alikuwa na miaka 46 aliporudi kumsemea Usagi, msichana wa miaka 14, katika Sailor Moon Crystal ya mwaka 2014. Masako Nozawa, aliyezaliwa mwaka 1936, amemsemea Goku wa Dragon Ball tangu 1986, akiwa mtoto na akiwa mtu mzima. Kyla Pratt aliachana na Penny wa The Proud Family mwaka 2005 na kumrudia mwaka 2022.

Mtu wa namna hii usimwite kwenye usaili. Ni kumdhalilisha, na hutajifunza lolote, kwa sababu siku ya kwanza kila mtu husikika amepitwa na wakati. Mlipe kikao kimoja cha kuitafuta sauti. Kipange kuanzia saa tano asubuhi, maana mtu aliyetoka kuamka ana sauti nzito. Mpe dakika 20 za kupasha koo, na maji yasiyo baridi. Msikilizishe klipu moja fupi ya zamani, mwache aseme sentensi ile ile, kisha nyingine, na nyingine. Fundi arekodi mfululizo bila kusimamisha. Kwa kawaida sauti hurudi ghafla kwenye sentensi ambayo aliipenda zamani au yenye kicheko ndani yake. Ikirudi, weka alama hapo hapo. Kuanzia siku hiyo sentensi hiyo itakuwa ufunguo wake: ataisema mara mbili mwanzoni mwa kila kikao kabla ya kugusa skripti.

Ikiwa imerudi lakini iko chini kidogo, mtu wa kwanza kuongea naye ni mwandishi, kabla hata ya fundi. King of the Hill iliporudi mwaka 2025, Bobby alikuwa ameshakuwa kijana wa miaka 21, na Pamela Adlon, aliyemsemea utotoni mwake, akaendelea naye. Kumkuza mhusika ni dawa nafuu kuliko kumlazimisha mwigizaji wa miaka 60 abane koo kwa misimu mitatu. Kupandisha sauti kwa programu kunawezekana, lakini kuna mpaka. Nusu toni moja, yaani hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili za piano, hupita bila kugundulika. Ukivuka mbili, irabu zinaanza kusikika kama za mashine, na miguno ndiyo inayoumbuka kwanza.

Sasa niseme jambo ambalo hata studio zenye pesa hulikosea: sauti ya kulinganishia. Wanachukua nakala yoyote ya zamani wanayoipata na kusema, "Hivi ndivyo alivyokuwa." Je, alikuwa hivyo kweli? Katuni nyingi zilitengenezwa kwa picha 24 kwa sekunde. Zilipohamishiwa mfumo wa PAL, ule wa televisheni za Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika, zikachezwa kwa picha 25 kwa sekunde, yaani kasi iliongezeka kwa asilimia 4 na ushei. Pasiporekebishwa, sauti nayo hupanda kwa takriban asilimia 70 ya nusu toni. Watu waliokulia na nakala hizo wanamkumbuka msichana mwenye sauti nyembamba kuliko aliyoitoa mwigizaji studioni. Ongeza kwamba kanda za zamani zilikuwa zimepoteza ncha za juu za sauti. Rekodi mpya ya kilohezi 48 na biti 24 itasikika kali na karibu mno hata kwa koo lile lile, halafu lawama anapewa mwigizaji badala ya maikrofoni.

Omba treki ya mazungumzo peke yake, isiyo na muziki wala vishindo. Thibitisha kasi yake. Kagua pia kama sauti ilipandishwa makusudi siku zile. Wapo wahusika, kama wale kindi watatu wa Ross Bagdasarian (Alvin and the Chipmunks), ambao sauti zao zilirekodiwa kwa nusu ya kasi ndipo zikaharakishwa. Huwezi kumpata binadamu wa kuitoa sauti hiyo hivi hivi. Kisha chagua klipu 10 hadi 12 za kati ya sekunde 5 na 15, na uzichukue kutoka katikati ya mfululizo. Msimu wa kwanza mhusika alikuwa bado anatafutwa. Msimu wa mwisho mwigizaji alikuwa amemzoea mno na pengine amechoka.

Kutoka kwenye klipu hizo andika kadi ya sauti, ukurasa mmoja na usizidi. Mhusika anavuta pumzi wapi. Anacheka akitoa pumzi au akiivuta. Akidanganya, sauti inapanda au inakimbilia puani. Herufi "s" yake ni kavu au ina unyevu. Akilia, maneno yanakatika au yanavutika. Kidatu chake, yaani wembamba au uzito wa sauti, akiwa ametulia kiko wapi: mwanamke mtu mzima kwa kawaida huongea kati ya hezi 165 na 255, na mtoto mdogo huzidi hapo, kwa hiyo kadi ikisema 300 ujue unamtaka mtu wa kukaa juu ya sauti yake ya kila siku kwa saa nzima nzima.

Kadi inafanyaje kazi? Chukua sentensi ya mfano: "Nani kachukua kofia yangu?" Tuseme mhusika wa zamani humega baada ya "nani", hunyamaza kidogo kama anayekagua nyuso za waliopo, kisha humwaga maneno matatu yaliyobaki kwa pumzi moja na kuimeza silabi ya mwisho. Mwigaji hodari atakuja na wembamba ule ule, na upua ule ule, lakini ataisema sentensi yote kwa mwendo ulionyooka. Kwa sekunde tano utasisimka. Dakika ya pili utamsikia kama mtu aliyeazima nguo za mwenzake. Sasa mlete mwigizaji mwenye sauti nzito kidogo, amege pale pale, akimbie pale pale, ameze pale pale. Sekunde tano za kwanza utakunja uso. Dakika ya pili umesahau. Sikio huzoea rangi mpya ya sauti upesi. Mdundo usio wa mhusika halisamehe.

Kuna nyakati ambapo mwigizaji wa awali hawezi au hataki kurudi. X-Men '97, iliyotoka mwaka 2024, ina karibu kila aina ya hali hizo ndani ya mfululizo mmoja. Lenore Zann alirudi kuwa Rogue na Alison Sealy-Smith kuwa Storm. Catherine Disher, aliyekuwa Jean Grey, alipewa mhusika mwingine, na Jean akaenda kwa Jennifer Hale. Alyson Court alikataa kurudi kuwa Jubilee kwa sababu alitaka mhusika huyo mwenye asili ya China asemewe na mwigizaji mwenye asili ya Asia. Holly Chou akachukua nafasi, na Court akaja kama Abscissa katika sehemu moja. Huo ni upokezanaji wa heshima. Mwenye zamani anaonekana, mwenye sasa anapokelewa, na mashabiki hawana pa kuanzishia vita.

Mwigizaji akifariki hali huwa nyeti zaidi. Hiromi Tsuru, Bulma wa Dragon Ball tangu 1986, alifariki Novemba 2017, na nafasi ikaenda kwa Aya Hisakawa. Hisakawa huyo alikuwa Ami katika Sailor Moon ya mwaka 1992, na Crystal ilipokuja Ami akapewa Hisako Kanemoto. Mtu mmoja amenyang'anywa nafasi na amerithi nafasi. Kwa anayerithi kutoka kwa marehemu, nashauri umsaili mtu mwenye uzito wa umri na kazi, hata kama vijana wanaigiza vizuri. Anahitaji ubavu wa kubeba mwaka mzima wa kulinganishwa.

Na kama nusu ya timu haipo, fikiria kubadilisha wote kwa pamoja. Doraemon ilifanya hivyo mwaka 2005: Nobuyo Oyama, aliyekuwa kwenye nafasi hiyo tangu 1979, akampisha Wasabi Mizuta, na wenzake wakuu wakabadilishwa pia. Sauti moja mpya katikati ya sauti nne za zamani hujitokeza kama jino la bandia. Zikiwa tano mpya, mtazamaji anajipanga upya mara moja.

Tukija kwenye usaili wenyewe. Andiko la kuwaita lieleze mhusika, lisitaje mwigizaji. Usiandike "sauti kama ya Fulani." Mbali na adabu, kuna sheria: haki za mhusika huwa za studio, lakini sauti ya mtu ni jambo jingine. Mwaka 1988 mahakama ya rufaa ya Marekani ilimruhusu mwimbaji Bette Midler kuendelea na kesi dhidi ya Ford kwa tangazo lililotumia mwimbaji aliyemwiga. Hilo lilikuwa tangazo la biashara, si katuni, lakini wakili yeyote makini atakwambia usiache maneno hayo kwenye barua pepe.

Kipande cha kusoma kisizidi sekunde 90 na kiwe na hali tatu: maongezi ya kawaida, hasira au hofu, na kichekesho. Ya kawaida ndiyo inayochuja watu. Kupayuka kila mtu anaweza. Kusema "Nimerudi" kwa sauti ya mhusika bila kupoteza uzito wake ni kazi nyingine. Ongeza mstari mmoja wa sauti zisizo maneno: kuguna, kuhema, kuanguka, kicheko kirefu. Wengi huwa na maneno mazuri, lakini wakicheka wanatoka kabisa kwenye mhusika na kucheka kama wao wenyewe.

Miradi ya kufufua hulindwa kwa siri, kwa hiyo duru ya kwanza hutumia jina bandia la mhusika. Hasara yake ni kwamba wasailiwa hawajui wanamwigiza nani na wanaleta "msichana mchangamfu" wa kawaida. Usiwahukumu kwa hilo. Duru ya kwanza sikiliza uigizaji tu. Jina halisi na kadi ya sauti watoe duru ya pili, baada ya kusaini hati ya kutunza siri.

Faili zikifika, mtu asiyeamua chochote aondoe majina na kuzipa namba, kisha azisawazishe kwa ukubwa mmoja wa sauti, kwa mfano LUFS -23 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika) inayotumika katika utangazaji wa Ulaya. Usipofanya hivyo utachagua aliyerekodi kwa kishindo. Sikio hupenda kikubwa na kukiita kizuri. Zikiwa 200, sikiliza 40 kwa kikao na upumzike. Baada ya hapo zote zinafanana, na wa namba 41 anaonewa. Pia usimwangushe mtu kwa mwangwi wa chumba chake. Hilo ni tatizo la godoro na mapazia.

Waliobaki, sita au wanane, waje studioni. Hapa msimamizi wa usaili anakaa pembeni na mwongozaji anachukua nafasi. Mpe kila mmoja maelekezo yanayopingana na alichokileta: "Sema hiyo hiyo, lakini una usingizi." Unachotafuta ni kama mhusika anabaki mhusika hali ikibadilika. Mwigaji hapa huishiwa, kwa sababu amekariri klipu, na klipu haina usingizi.

Kisha jaribu la uchovu, ambalo wengi huliruka na kulijutia msimu mzima. Rekodi sentensi tatu tulivu mwanzoni. Fanyeni kazi saa moja. Ndipo aombwe mayowe kumi, na mara baada ya hapo arudie zile sentensi tatu. Zilinganishe. Kama kidatu kimeshuka au kuna mkwaruzo, mtu huyo hatamaliza kikao. Mikataba ya SAG-AFTRA, chama cha waigizaji cha Marekani, huhesabu kikao cha katuni ya televisheni kwa saa 4, na ratiba yako imejengwa juu ya saa hizo. Mayowe yote huwekwa nusu saa ya mwisho. Kwa mayowe fundi awe na treki ya pili iliyoshushwa desibeli 10, na mwigizaji arudi nyuma kutoka umbali wa kawaida wa shibiri moja hadi karibu urefu wa mkono. Teki iliyopasuka haiponi, na hakuna koo la kurudia yowe lile lile mara sita.

Jaribu la mwisho ni la kundi. Waweke wasichana watatu wakuu wabishane kwa sekunde 20, wote kwa pamoja, nawe ufumbe macho. Ukishindwa kusema nani ni nani, mtazamaji aliye jikoni akiosha vyombo hataweza pia. Hapo yule aliyekuwa bora peke yake anaweza kupoteza nafasi kwa sababu anagongana na mwenzake kwenye kidatu kile kile. Inauma, lakini ndiyo hali. Kama katuni ina nyimbo, sikilizeni mtu akiimba kwa sauti ya mhusika. Uzuri wa sauti yake mwenyewe kanisani au jukwaani haukusaidii hapa.

Mkataba uwe na idadi ya misimu ambayo studio inaweza kumwita, malipo ya marudio, malipo ya nyimbo, na matumizi nje ya kipindi kama wanasesere na michezo. Kifungu cha mashine za kuiga sauti kiandikwe peke yake na kisichanganywe na "haki zote" za jumla: rekodi zake zisitumike kufundishia mashine bila idhini ya maandishi na malipo yake. Hilo liwalinde wote wawili, anayeondoka na anayeingia, kwa kuwa kishawishi cha kutumia klipu za zamani kutengenezea sauti ya bure ni kikubwa sasa.

Jina likitangazwa, mwigizaji wa awali awe ameshaambiwa angalau siku moja kabla. Tangazo litoke na sekunde 20 za mhusika akiongea, kamwe picha peke yake, maana picha bila sauti huwaachia watu kubuni.

Na acha nafasi kwenye ratiba. Sauti ya mhusika haitulii mpaka sehemu ya tatu au ya nne. Kwa kuwa sauti hurekodiwa kabla ya uchoraji kamili, bado kuna wiki kadhaa za kumrudisha studioni arudie sentensi za sehemu ya kwanza akiwa ameshampata mtu wake. Fanya hivyo kabla midomo haijachorwa. Ikishachorwa, kila neno jipya lazima liingie kwenye mdomo uliokwisha kufunguka na kufunga, na hapo hata yeye atasikika kama anajiiga mwenyewe.